American Football: bendi ya emo iliyovunjika kwanza, ikavuma baadaye

Andika "American Football" kwenye simu na utaletewa wanaume wenye kofia ngumu wakigombania mpira wenye umbo la yai. Ongeza neno "emo" na mambo yanageuka. Sasa inakuja picha ya nyumba ya mbao iliyopigwa usiku kutoka chini, dirisha moja la juu likiwaka taa. Chini ya picha watu wanataniana, wanaombolezana mapenzi yaliyokufa, wengine wanabishana kuhusu nyuzi za gitaa.

Anayekutana na haya kwa mara ya kwanza ana haki ya kuchanganyikiwa. Hii ni timu, nyumba au bendi? Kama ni bendi, mbona albamu zake zina jina moja? Mbona huyu anasema ilivunjika zamani na yule anasema ameiona jukwaani? Halafu emo si wale vijana wa nywele nyeusi zilizofunika jicho moja?

Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloharibu mengine.

Emo ni nini, na si nini

Emo ni tawi la muziki wa roki lililochipuka kutoka panki. Lilianzia Washington, D.C., katikati ya miaka ya 1980. Wakati huo mji huo ulikuwa na panki ya kasi na hasira iliyoitwa hadikori: nyimbo za dakika moja, kelele, mashairi ya kupinga serikali na polisi. Mwaka 1985 bendi kama Rites of Spring na Embrace zilibaki na nguvu ileile ya gitaa lakini zikabadili kinachosemwa. Badala ya kuimba kuhusu serikali, mwimbaji aliimba kuhusu majuto, urafiki uliovunjika, hofu yake mwenyewe. Watu wakaibandika jina la "hadikori ya hisia", likafupishwa mpaka likabaki emo. Ian MacKaye wa Embrace hakulipenda jina hilo tangu siku ya kwanza, na tangu hapo karibu kila bendi inayoitwa emo imekuwa ikilikana.

Mashabiki huigawa historia hii katika mawimbi. La kwanza ni hilo la Washington. La pili ni la miaka ya 1990, ambapo muziki ulihamia miji midogo na vyuo vya eneo la Magharibi ya Kati ya Marekani, yaani Illinois, Wisconsin, Kansas na majirani zake, ingawa bendi muhimu mno, Sunny Day Real Estate, ilitoka Seattle. La tatu ni la miaka ya 2000, emo ilipoingia redioni na kwenye televisheni kupitia Jimmy Eat World, Fall Out Boy, My Chemical Romance na wenzao. La nne ni la vijana walioanza kupiga mwishoni mwa miaka ya 2000 wakitazama nyuma, kwenye wimbi la pili.

Nywele za kufunika jicho, wanja na suruali za kubana ni za wimbi la tatu. Ni mitindo ya mavazi iliyokuja takriban miaka 20 baada ya muziki wenyewe, na hata Gerard Way wa My Chemical Romance alilikataa jina la emo hadharani. Ukizitazama picha za bendi za wimbi la pili utaona wanafunzi wa kawaida: sweta, miwani, fulana iliyofuliwa mara nyingi. American Football ni wa kundi hili. Ukiwakuta kituo cha basi ungedhani wanakwenda maktaba, na huenda ungepatia.

Wanafunzi watatu, albamu moja

Bendi ilianza mwaka 1997 katika miji pacha ya Champaign na Urbana, jimboni Illinois. Miji hii imeshikana kiasi kwamba mpaka wake ni mtaa tu, na Chuo Kikuu cha Illinois kimekaa juu ya mpaka huo. Wanachama walikuwa watatu. Mike Kinsella aliimba na kupiga gitaa. Steve Holmes alipiga gitaa la pili. Steve Lamos alipiga drams, na mara mojamoja aliweka vijiti chini akashika tarumbeta.

Jina la bendi halina mapenzi yoyote ya michezo. Lilitokana na bango lililokuwa likiubeza mchezo huo kuwa unasifiwa kupita kiasi. Walilichukua kama utani. Utani huo umewasumbua wanaotafuta muziki wao mtandaoni kwa zaidi ya miaka 20.

Kinsella hakuwa mgeni. Tangu utotoni alikuwa mpiga drams wa Cap'n Jazz, bendi ya pembezoni mwa Chicago aliyoianzisha na kaka yake Tim. Cap'n Jazz ilivunjika mwaka 1995, muda mfupi tu baada ya kutoa albamu yake pekee, na wanachama wake wakatawanyika kuunda bendi nyingine: The Promise Ring, Joan of Arc, baadaye Owls. Ndiyo maana ukifuatilia emo ya eneo hilo jina la Kinsella hukurudia kila ukigeuka. Ni familia. Tim ni kaka, Mike ni mdogo, na Nate, ambaye tutamkuta mbele, ni binamu.

Mwaka 1998 American Football ilitoa santuri fupi ya nyimbo tatu kupitia Polyvinyl, kampuni ndogo ya kurekodi ya hukohuko Illinois. Mwaka uliofuata waliingia Private Studios mjini Urbana na fundi wa sauti Brendan Gamble, wakarekodi nyimbo tisa kwa siku chache tu. Hawakuwa na mpiga besi, hivyo Kinsella aliongeza besi mwenyewe pale studio ilipoihitaji. Mashairi mengi yalitoka katika shajara zake za ujana. Albamu ilitoka tarehe 14 Septemba 1999, ikiwa na jina la bendi na si zaidi.

Wakati inatoka, bendi ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na ugomvi, wala dawa za kulevya, wala meneja mwizi. Masomo yalikuwa yanamalizika, kila mtu akawa anahama, na hakuna aliyeona sababu ya kuendelea. Holmes alienda kufanya kazi. Lamos aliendelea na masomo mpaka akawa mhadhiri wa uandishi katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Kinsella alibaki na muziki, akitoa albamu za upole kwa jina la Owen kuanzia 2001. Redio za vyuo zilipiga nyimbo za American Football kwa muda, kisha nazo zikahamia kwingine.

Yeyote anayekuambia kwamba American Football ilitikisa Marekani mwaka 1999 anakusimulia yaliyotokea baadaye kwa tarehe ya mwanzo. Walipiga kumbi ndogo, mbele ya watu wachache, na wengi wa watu hao walikuwa wanafahamiana.

Gitaa lenyewe linafanya nini

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Bila kuelewa magitaa huwezi kuelewa kwa nini albamu ya bendi iliyokufa iliendelea kutembea.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Ukihesabu kutoka ule mnene wa juu hadi ule mwembamba wa chini, hufungwa kwa sauti E, A, D, G, B, E. Wimbo wao maarufu kuliko yote, "Never Meant", haupigwi hivyo. Nyuzi zimefungwa F, A, C, G, C, E. Kwa aliyekulia kwaya na kusoma nota za do-re-mi, chukua F kuwa do: nyuzi zako sasa ni do, mi, so, re, so, ti. Zipitishe kidole bila kubonyeza chochote na tayari unasikia sauti tano tofauti zikikaa pamoja, nzuri lakini hazijatulia, kwa sababu re na ti zinataka kwenda mahali na haziendi. Ile huzuni isiyo na kilio ambayo watu huisifia albamu hii, sehemu kubwa imefungwa kwenye nyuzi kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Kuna faida ya pili. Gitaa lenyewe likishakupa sauti hizo bila kubonyeza, vidole vya mkono wa kushoto vinabaki huru. Badala ya kushika umbo moja na kulicharaza juu chini, mpigaji anadonoa uzi mmoja mmoja, na katikati ya kudonoa anagonga uzi kwa kidole cha kushoto ili ulie bila kukwanyuliwa, kisha anakiondoa kidole kwa kuvuta ili ulie tena. Donoo moja linazaa sauti mbili au tatu. Ndiyo maana muziki unasikika kama maji yanayotiririka ilhali mkono wa kulia haukimbii.

Mwenye gitaa na anayetaka kujaribu, hatua ni hizi. Namba za nyuzi huanzia chini: ule mwembamba ni wa kwanza, ule mnene wa juu ni wa sita. Anza na uzi wa nne: ulegeze kutoka D hadi C. Kisha kaza wa sita nusu hatua, kutoka E hadi F, na wa pili nusu hatua, kutoka B hadi C. Wa kwanza, wa tatu na wa tano usiwaguse. Kama huna kifaa cha kupimia sauti, tumia freti, yaani vile vipande vya chuma kwenye shingo ya gitaa. Uzi wa sita ukibonyezwa freti ya 4 ulingane na wa tano ukiwa wazi. Wa tano freti ya 3 ulingane na wa nne. Wa nne freti ya 7 na wa tatu. Wa tatu freti ya 5 na wa pili. Wa pili freti ya 4 na wa kwanza. Kariri 4-3-7-5-4, basi.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. La kwanza ni kukatika kwa uzi wa pili, hasa kama ni wa zamani na una kutu pale unapokaa kwenye daraja. Nusu hatua inaonekana ndogo lakini uzi uliochoka hauivumilii. Weka mpya. La pili ni kufunga mara moja na kuanza kupiga. Ukilegeza uzi mmoja na kukaza miwili, shingo ya gitaa inavutwa kwa nguvu tofauti na ilivyozoea, na nyuzi ambazo hukuzigusa nazo zinahama kidogo. Zungukia zote sita mara mbili au tatu. Na unapokaza, fika kwenye sauti ukitokea chini yake. Ukiipita, legeza mpaka uwe chini kabisa kisha panda tena, la sivyo uzi utateleza katikati ya wimbo.

La tatu ni kosa la wapenzi wa roki: kuwasha ile sauti ya kukwaruza kwenye amplifaya. F na E, yaani do na ti, zikisikika pamoja kwa sauti safi huleta utamu wenye uchungu kidogo. Zikikwaruzwa, amplifaya huzalisha sauti nyingine za ziada kutoka kwa kila jozi, na jozi hii huzaa fujo. Utasikia uji. American Football walikuwa wametoka kwenye panki lakini walizima kukwaruza.

La nne ni kujaribu peke yako na kukata tamaa. Wengi hujifunza sehemu ya gitaa moja, wakaipiga bila kosa, na bado haisikiki kama kwenye rekodi. Ni sawa na kutoa gitaa la mi-solo kwenye rumba ya Kikongo ukabaki na solo tu. Wapenzi wa rumba wanajua: solo inapanda juu, mi-solo inajaza mapengo katikati, rizimu inashikilia chini, na melodi unayoipigia mluzi njiani wakati mwingine haipigwi na gitaa lolote peke yake. Inatokea kati yao. Kinsella na Holmes walifanya kazi kwa kanuni ileile, ingawa hakuna ushahidi kwamba waliitoa huko. Holmes na Lamos walikuwa wakisikiliza jazi, na pia muziki wa mtunzi wa Kimarekani Steve Reich, ambaye kazi zake nyingi ni vipande vifupi vinavyorudiwa na kusogezeana polepole.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na ndiyo sababu wengine huita muziki huu roki ya hesabu. Wimbo mwingi wa redio hurudi mwanzo kila baada ya mapigo manne. Hawa hutumia mizunguko ya tano, sita, saba. Zaidi ya hayo, vyombo viwili vinaweza kuwa na mizunguko isiyolingana. Chukua daladala mbili zinazoondoka kituoni pamoja, moja ikirudi kila baada ya dakika 4 na nyingine kila baada ya dakika 5. Hazikutani tena kituoni mpaka dakika ya 20, na katikati utaziona kila mara katika mpangilio tofauti. Gitaa la mapigo manne likikaa juu ya gitaa la mapigo matano, kila moja linarudia kitu kilekile bila kubadili hata nukta, lakini msikilizaji anasikia mabadiliko kila mzunguko. Sikio halichoki upesi. "Stay Home" inapita dakika nane kwa maneno machache sana, na bado haikinaishi.

Bahati mbaya ya mfumo huu huonekana jukwaani. Albamu haina ufungaji mmoja wa nyuzi. Nyimbo tofauti zinataka nyuzi zilizofungwa tofauti. Wanafunzi wenye gitaa moja moja walilazimika kusimama baina ya nyimbo na kuzungusha vifungio huku ukumbi ukingoja. Bendi yenye fedha hutatua hilo kwa kubeba magitaa mengi, kila moja limefungwa tayari, na fundi wa kuyabadilisha. Ukiwaona leo wakipokezana magitaa kila baada ya wimbo, usidhani ni mbwembwe.

Miaka 14 ya kimya

Kati ya 2000 na 2014 bendi haikufanya chochote. Umaarufu wake wote ulijengwa katika miaka hiyo.

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara na haipendezi kuisimulia, lakini ni muhimu. Kampuni kubwa ya muziki huitazama albamu iliyouza kidogo kama bidhaa iliyofeli: huiondoa sokoni, na kwa kuwa rekodi ni mali yake, wanamuziki hawawezi kuitoa wenyewe. Kampuni ndogo ina orodha fupi na hesabu tofauti. Gharama za kurekodi kwa siku chache katika studio ya mjini hurudi mapema, na baada ya hapo kila nakala inayouzwa, hata kama ni moja kwa siku, ni faida ya kugawana. Polyvinyl iliendelea kuiweka albamu hiyo sokoni mwaka baada ya mwaka. Aliyeisikia mwaka 2005 aliweza kuinunua mwaka 2005.

Sababu ya pili ni intaneti kuja kwa wakati wake. Albamu ilitoka mwaka uleule ilipoanza Napster, huduma ya kubadilishana faili za muziki mtandaoni. Muziki ukawa unasafiri kwa faili kutoka mtu kwa mtu, na albamu isiyo na video wala tangazo ilikuwa sawa na yenye navyo.

Ya tatu ni ile tuliyoitumia muda mrefu hapo juu. Huwezi kuupiga "Never Meant" kwa kukisia. Lazima mtu akuambie nyuzi zimefungwaje. Kwa hiyo ulikuwa fumbo. Vijana waliandikiana sehemu za gitaa, wakasahihishana, wakarekodi video wakiwa vyumbani mwao. Aliyelitegua fumbo hakuishia hapo: akiwa na gitaa lililofungwa F, A, C, G, C, E mapajani, vidole vyake vilianza kutafuta nyimbo zake mwenyewe. Bendi nyingi za wimbi la nne zilianzia kwenye kidonoo hicho. Wimbo rahisi ungepigwa na wengi zaidi, lakini nadhani usingewafundisha kitu cha kwenda nacho.

Kuna na sababu ya nne, ambayo haiwezi kupimwa: umri. Mashairi ni ya mtu wa miaka 20 au 21 anayejua kwamba mapenzi yake na chuo vinaisha msimu mmoja. Kila mwaka kuna watu wapya wanaofikia umri huo. Na bendi, kwa kuwa haikuwepo, haikupata nafasi ya kuwaudhi kwa albamu mbovu.

Kurudi

Mwezi Mei 2014 Polyvinyl ilitoa toleo jipya la albamu likiwa na rekodi za mazoezi na za jukwaani. Bendi ilipotangaza kupiga tena, tamasha moja lililopangwa ukumbi wa Webster Hall mjini New York liliongezwa mpaka usiku tatu. Watu watatu waliowahi kupigia vyumba vya chini vya nyumba za wanafunzi walijikuta mbele ya maelfu ya watu wanaojua kila neno.

Nafasi ya besi, iliyokuwa wazi tangu mwanzo, ilijazwa na Nate Kinsella. Ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyoonekana. Bila besi, magitaa mawili yalilazimika kubeba chini na juu kwa wakati mmoja. Besi ilipoingia, yalipata ruhusa ya kupaa.

Albamu ya pili ilitoka Oktoba 2016 na ya tatu Machi 2019. Zote zinaitwa American Football. Mashabiki huzitenganisha kwa kuziita LP1, LP2 na LP3, LP ikiwa ni kifupi cha santuri ndefu. Si jambo geni sana, maana Weezer nao wana albamu kadhaa zenye jina lao na watu huzitaja kwa rangi ya jalada. Ukienda kununua, tazama jalada. Nyumba kwa nje ni ya kwanza. Ndani ya nyumba ni ya pili. Jalada lisilo na nyumba kabisa ni la tatu.

LP2 iliwagawa watu, na kwa maoni yangu walioilalamikia hawakukosea kabisa. Sauti ya Kinsella imewekwa mbele, nyimbo zimekatwa fupi, na ile nafasi iliyokuwa baina ya vyombo imejazwa. Ni albamu nzuri ya watu wazima wanaojaribu kukumbuka jinsi walivyokuwa. LP3 iliacha kukumbuka. Ina nyimbo nane tu, nyingi ndefu, na waimbaji wageni watatu: Elizabeth Powell wa Land of Talk, Rachel Goswell wa Slowdive, na Hayley Williams wa Paramore katika "Uncomfortably Numb". Huyo wa mwisho ana maana yake kihistoria. Paramore ni wimbi la tatu, lile lililojaza viwanja. Williams kuja kuimba kwa wazee wa wimbi la pili kulifuta mpaka ambao mashabiki walikuwa wakiulinda kuliko wanamuziki wenyewe.

Lamos aliondoka mwaka 2021 na kurudi 2023. Mwaka 2024, albamu ya kwanza ilipotimiza miaka 25, ilitolewa tena pamoja na albamu nyingine ambamo wasanii mbalimbali, akiwemo Ethel Cain na Iron & Wine, walizipiga nyimbo zilezile upya.

Na ile nyumba

Ipo. Iko mtaa wa West High mjini Urbana, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa nyumba ya kupangisha wanafunzi kama nyingine nyingi za jirani. Si studio, na albamu haikurekodiwa humo, ingawa hilo husemwa sana. Mpiga picha Chris Strong aliipiga kutoka chini usiku ikawa jalada, basi. Mwaka 2014 video ya "Never Meant", iliyotengenezwa miaka 15 baada ya wimbo, ilipigwa hapo, na tangu hapo mahujaji hawaishi: wanasimama barabarani, wanainamisha simu kutafuta pembe ileile, wanaondoka.

Pembe hiyo ina hila. Strong alisimama karibu na kuelekeza kamera juu, kwa hiyo nyumba ya ghorofa moja ikaonekana kama inakuinamia. Wanaopiga kutoka upande wa pili wa barabara hupata nyumba ya kawaida tu na kulalamika kwamba wamefika pasipo. Sogea, chuchumaa, subiri giza, na omba aliyeko juu awashe taa.

Mwaka 2023 bendi, Polyvinyl, Strong na washirika wachache waliinunua ili isije ikabomolewa.

Anayeanza leo asiende kwa mpangilio wa tarehe. Anza na "Never Meant" kwa sababu huwezi kuikwepa, kisha ruka hadi "The Summer Ends" usikie tarumbeta ya Lamos ikiingia polepole pale ambapo bendi nyingine ingeweka mayowe. Baada ya hapo nenda "Silhouettes", inayofungua LP3. Ukizipenda zote tatu, rudi LP1 uisikilize nzima, dakika 40 na ushee, kwa spika mbili zilizotenganishwa au kwa vipokea sauti vya masikioni. Ukitumia spika ya simu magitaa mawili yataungana kuwa moja, na utabaki unajiuliza watu wanalilia nini.